Siku Chifu Alipopoteza Rangi Bungoma

Kabla hujamrudisha samaki dukani na kumwita mwenye duka mwizi, keti kwanza. Nasema na wewe uliyenunua samaki wa bluu pale Kitale jana, ukambeba kwa mfuko wa nailoni mpaka nyumbani, ukamtia kwenye tangi jipya la kioo, na asubuhi ukamkuta ana rangi ya majivu. Najua unahisi umechezewa shere. Mimi mwenyewe nilikaribia kupoteza kazi kwa sababu ya majivu hayo hayo.

Jina langu ni Nekesa, ingawa kazini waliniita Mama Simiyu. Siku hizi niko kwangu Tongaren na mahindi yangu, lakini karibu maisha yangu yote ya kazi niliyamaliza nimeinama juu ya maji, mkono mmoja umelowa mpaka begani. Nililea samaki wa mapambo wanaoitwa siklidi, wale ambao asili yao ni Ziwa Malawi. Msitishwe na jina. Ni binamu za tilapia mnayemla na ugali, tofauti ni kwamba hawa wana rangi kama vitenge vya harusi, na kila mmoja anajiona mwenye nyumba.

Nilianza kama mfagiaji katika hoteli moja mjini Kitale. Pale mapokezi palikuwa na tangi refu kama kitanda, na mwenye kulitunza alikuwa fundi wa hoteli, Mzee Gichuki, mtu wa Saboti. Wazazi wake walitoka upande wa Murang'a zamani wakanunua shamba Saboti, naye akazaliwa huko, akazeeka huko. Alitengeneza mifereji, vitasa, jenereta, na kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka, akapewa na samaki. Hakupewa maelezo yoyote. Ati wiki ya kwanza aliwalisha ugali, kwa kuwa tilapia wa bwawa la jirani yake walikuwa wakiupenda. Maji yakawa uji. Akilisimulia hilo alikuwa anacheka mpaka anatoa leso. "Mimi nilidhani nawakaribisha wageni," alikuwa akisema.

Mafundi wengi wa siku zile walikuwa wakificha kazi. Ukisogea, wanakugeuzia mgongo. Mzee Gichuki alikuwa anasogea pembeni ili uone vizuri. Siku moja alinikuta nimesimama na ufagio, macho yangu kwa tangi. Badala ya kuniuliza kwa nini sifagii, aliniuliza ni samaki yupi mkubwa wa wote, sio kwa mwili, kwa cheo. Nikamwonyesha mnene mmoja wa manjano. Akatikisa kichwa, akaniambia niache kutazama ukubwa, nitazame nani anapishwa njia. Nikatazama. Alikuwa mmoja wa bluu iliyoiva, kifua cha rangi ya chungwa. Kila alipopita wengine walijikunja kando, hata yule mnene. Tulimwita Chifu. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na mpaka leo naona ndilo kubwa, kwa hivyo likumbukeni.

La pili lilinijia kwa ubaya. Ndani ya tangi kuna sponji inayochuja maji, na sponji ile ilikuwa chafu, rangi ya kahawia, inateleza. Mimi nimelelewa na mama asiyependa uchafu. Nikaitoa, nikaifinya chini ya mfereji mpaka ikawa nyeupe pepe, nikairudisha nikijisifu. Siku chache baadaye samaki walikuwa juu ya maji wakihema. Mzee hakunifokea. Alibadilisha sehemu ya maji, akakaa kwenye kiti cha wageni, akanieleza kwamba ule utelezi una vijidudu vyema vinavyokula sumu ya kinyesi cha samaki, na dawa ya maji ya mfereji inaviua. "Ule uchafu ndio mfanyakazi wetu," akaniambia, "na wewe umemfuta kazi." Tangu siku hiyo sponji naikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, polepole, na maji yoyote ya mfereji nayaacha yalale kwenye pipa kabla hayajaona samaki.

Mengine nilijifunza hivyo hivyo, mojamoja. Stima ikipotea, unachukua jagi, unachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu, yapate hewa. Unafanya hivyo mpaka mkono uchoke, kisha unamwita mwenzako. Omena, yaani dagaa, ikitwangwa na mchicha ni chakula kizuri kuliko vile vya mkebe, mradi uwape kidogo. Na usiwaamini wanaosema chakula fulani kitamrudishia samaki rangi kesho asubuhi. Chakula hufanya kazi kwa miezi.

Basi, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati watu walikuwa wanaanza kutembea na simu za mulika mwizi, zile zenye tochi, shingoni, hoteli ikauzwa. Wenyewe wapya walitaka maduka, hawakutaka mapokezi wala samaki. Mzee Gichuki mguu ulikuwa umeshaanza kumsumbua, akasema huo ndio wakati wake wa kurudi Saboti kulima. Mimi nilikuwa na watoto wawili shuleni na sikuwa na pa kwenda.

Mzee ndiye aliyenitafutia. Kulikuwa na mkunga mmoja, Sista Nanjala, aliyekuwa na nyumba ya uzazi pale Bungoma. Alikuwa amewahi kulala hotelini kwetu akija mikutano, na kila mara alikuwa akibeba chai yake mpaka mbele ya tangi. Mzee akamwambia kwamba samaki wanahama na wanatafuta kwao, lakini hawawezi kwenda bila mtu wanayemjua. Alisema hivyo, akininyooshea kidole. Sista akacheka, akakubali wote, samaki na mimi. Akasema akina mama wanaosubiri uchungu wanahitaji kitu cha kutazama zaidi ya ukuta.

Tuliwahamisha kwa pikapu. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, mpaka Webuye, halafu Bungoma, mimi nimeketi nyuma nimeshika ndoo zenye vifuniko kama mtu aliyebeba mayai. Tulifanya kila kitu alivyoagiza Mzee. Hatukuwalisha kabla ya safari ili wasichafue maji. Tulibeba maji yao ya zamani na sponji yao ikiwa bado imelowa. Kule mwisho tuliwachanganyia maji mapya kidogokidogo. Hakufa hata mmoja. Nililala nikimshukuru Mungu.

Kulipokucha, Chifu alikuwa majivu.

Na si yeye pekee. Wale wa manjano walikuwa wamepauka kama kitambaa kilichosahaulika juani, na wengine walikuwa na michirizi myeusi ambayo sikuwahi kuiona Kitale. Chifu alikuwa amejibana pembeni chini, nyuma ya bomba la hewa. Yule mfalme wa mapokezi, nilimtambua kwa sababu tu pezi lake la mgongoni lilikuwa na pengo dogo.

Muuguzi mkuu pale alikuwa dada mmoja wa Kabuchai, anaitwa Rispa, mtu mchapakazi na mwenye macho makali. Ndiye aliyekuwa ameandaa mahali pa tangi, na alikuwa ameandaa kwa moyo wake wote: ukuta mweupe nyuma, kokoto nyeupe chini, taa ndefu nyeupe juu, kila kitu safi kama chumba cha upasuaji. Akatazama samaki, akanitazama mimi.

"Mama Simiyu," akasema, "hii si ile samaki Sista alituambia. Ile ya bluu iko wapi?"

Nikamwambia ni huyu. Nilijua anachofikiria. Alifikiri wale wazuri wamebaki Kitale kwa mtu, na Bungoma tumeletewa makapi. Na ningekuwa yeye, ningefikiri vivyo hivyo.

Ningeweza kuvumilia hilo. Lililokuwa baya zaidi ni akina mama. Bibi mmoja aliyekuja kumletea binti yake uji alisimama mbele ya tangi akasema mahali ambapo kiumbe anapoteza rangi hivyo, yeye hangezalia. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayezungumzia mvua. Lakini neno likaingia wodini. Wanawake wawili wakaomba waume zao wawapeleke kwingine. Nyumba ya uzazi inaishi kwa jina lake, nyinyi mnajua. Jina likiharibika, hata daktari mzuri atabaki anasoma gazeti.

Sista Nanjala akaniita. Alinitilia chai kwanza. Akaniambia anaamini sikubadilisha samaki, na haamini mambo ya mkosi, lakini hawezi kumlazimisha mama mwenye uchungu asiogope anachoogopa. Nijaribu ninachoweza mpaka Jumamosi. Ikifika Jumamosi wako vilevile, tangi litaondoka. Hakusema kwamba nami nitaondoka nalo. Hakuwa na haja.

Nilitoka nje nikampigia Mzee Gichuki. Kule kwake Saboti mtandao ulikuwa unashikika mahali pamoja tu, karibu na lango la ng'ombe, kwa hivyo simu ililia muda mrefu kabla hajafika pale akichechemea. Nikamweleza nikiwa nusu nalia. Akaniacha nimalize. Halafu akaanza kuniuliza kama daktari. Anakula? Nikasema anakula kidogo, kwa kuiba. Anahema haraka? Hapana. Mapezi ameyabana mwilini au ameyaachilia? Ameyaachilia. Ana madoadoa meupe, ana ngozi inayobanduka? Hana.

"Basi hiyo haina ugonjwa," akasema kwa sauti yake ya kupigia kelele simu. "Imeshtuka tu. Wewe ungehamishwa usiku ungeamka umevaa suti?"

Sikilizeni sasa, kwa sababu hapa ndipo penye kazi. Ngozi ya siklidi ina vifuko vidogo sana vya rangi, na samaki anaweza kuvifungua na kuvifunga. Akiogopa, anafunga. Hilo ni la muda mfupi, dakika au siku. Halafu kuna lile la polepole: samaki huiga alipo. Ukimweka juu ya kokoto nyeupe, ukuta mweupe, taa kali, anajipausha asionekane, kwa sababu ziwani anayeonekana ndiye anayeliwa. Na kuna cheo. Bluu ya Chifu haikuwa nguo tu, ilikuwa kama kofia ya chifu wa kweli. Ilisema: hili jiwe ni langu. Kwenye tangi jipya hakuna jiwe la mtu. Wote ni wageni, na mgeni hajigambi. Mzee alinieleza hayo yote pale langoni kwake, ng'ombe wakilia nyuma yake, mpaka salio langu likaisha. Akanipigia yeye, akamalizia.

Nilirudi kwa Sista nikijua la kufanya lakini nikiogopa kulisema, maana lilimaanisha kubomoa kazi nzuri ya Rispa. Nikaanza na ile taa. Nikasema labda tungeizima. Sista akaweka kikombe chini.

"Kumbe," akasema. "Si ndiyo tunafanya na mtoto? Mtoto akitoka tumboni hatumwashii taa machoni. Tunamfunika, tunanyamaza, tunamwacha ajue amefika."

Akaenda kabatini mwenyewe, akatoa shuka mbili za kijani za chumba cha kujifungulia, tukalifunika tangi lote. Alinifundisha kitu siku ile ambacho Mzee Gichuki hakuwa nacho. Alisema nisikae nikiwachungulia kila mara. Mama akichunguliwa kila mara, uchungu husimama. Nifungue wakati wa kulisha, kisha nifunge, niende nikafue.

Rispa alitutazama tukifunika. Nikamweleza kuhusu kokoto nyeupe, nikitafuta maneno. Akanikatiza akauliza kama mawe meusi ya mtoni yangefaa. Kwao Kabuchai, kwenye Mto Kuywa, yapo mengi. Kesho yake alikuja kazini na gunia kwenye baiskeli ya boda, mawe meusi laini, makubwa kama malimau hadi makubwa kama vichwa vya kabichi. Tuliyasugua pamoja nyuma ya jikoni kwa brashi, bila sabuni hata tone, tukayamwagia maji moto. Alikuwa bado ananishuku, nadhani. Lakini alisugua. Kuna watu hawahitaji kukuamini ndipo wakusaidie, na mimi nimekutana nao wengi, Mungu awabariki.

Tulitoa zile nyeupe, tukapanga nyeusi, tukajenga mapango, kila samaki awe na pa kuingia. Nyuma ya kioo nikabandika karatasi ya rangi ya samawati iliyokolea, iliyobaki kwenye mapambo ya Krismasi. Tukahamisha tangi kutoka karibu na mlango, ambapo kila anayepita alikuwa akigonga kioo. Halafu tukarudisha shuka na kungoja.

Ijumaa Rispa ndiye aliyewalisha, mimi nilikuwa natundika nguo. Nikasikia naitwa, si kwa kelele.

"Mama Simiyu, kuja uone. Kuna moja inawaka."

Nilikimbia na maji ya sabuni mikononi, nikasimama mbali kwa sababu ya sabuni. Ndani ya pango kubwa la mawe ya Kabuchai, alikuwepo samaki wa bluu. Bluu ile ile, na chungwa ikianza kifuani kama mtu aliyewasha kiberiti. Nikatafuta pengo kwenye pezi la mgongoni. Halikuwepo. Hakuwa Chifu. Alikuwa kasamaki ka kijivu ambako Kitale, miaka yote, tulidhani ni ka kike. Hata jina hakakuwa nalo. Chifu alipokuwa anatawala kalijificha ndani ya majivu yake ili kasipigwe. Sasa Chifu hakuwa na jiwe, na hako kalikuwa kamewahi pango kabla yake.

Rispa aliwajua samaki wote kwa kuwahesabu kila asubuhi, akingoja kunishika. Alijua hakuna aliyeongezwa. Akamtazama huyo mmoja, akasema yeye mwenyewe ndiye aliyemlisha samaki huyo alipokuwa bado mwanamke. Tukaanza kucheka, tukacheka mpaka Sista akatoka ofisini kuuliza ni nini.

Wengine walifuata. Manjano ikarudi, michirizi ikayeyuka. Kwa kuwa Bungoma kuna joto kuliko Kitale, walichangamka hata zaidi ya zamani. Jumamosi tuliondoa shuka. Yule bibi wa uji alikuwa amekuja kumchukua binti yake na mjukuu, akasimama pale, akatazama. Akamnyanyua mtoto amwonyeshe, mtoto wa siku moja ambaye hata haoni. Sijui alimwambia nini, alisema kwa Kibukusu chini ya pumzi. Akina mama wenyewe ndio waliompa yule mpya jina. Walimwita Baba Watoto.

Nilikaa pale Bungoma mpaka nikastaafu. Nikajenga matangi kwa madaktari wa meno, kwa shule, kwa makanisa mawili. Siku hizi nyinyi mna mtandao, mna taa zinazobadilika rangi kwa simu, na ni vizuri, mimi sina wivu. Ila muwe macho. Taa ya bluu ya dukani inaweza kumfanya kunguru awe tausi, na wako wanaowapa samaki dawa ili wang'ae siku ya kuuzwa. Ukimnunua, omba umwone chini ya taa ya kawaida. Ukimfikisha, mpe giza, mpe jiwe, mpe wiki kadhaa. Akiacha kula, au akihema juu ya maji, hapo ndipo uogope. Rangi peke yake isikutie wazimu.

Mzee Gichuki alikuja kuliona tangi mara moja tu, mguu ulipopata nafuu. Sista alimwandalia kuku. Akasimama mbele ya kioo na fimbo yake, akamtazama Baba Watoto akizunguka mawe, akauliza Chifu alikufa lini. Nikamwonyesha chini, nyuma, chini ya jiwe pana. Chifu alikuwa pale, majivu matupu, mnene, anatafuna mchicha. Hakurudi kuwa bluu tena maisha yake yote.

Mzee aliinama kwa shida akamtazama sana. "Huyu hana shida," akasema. "Huyu amestaafu."

Nilitaka kumshukuru siku ile. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, ya kazi aliyonipa, ya watoto waliosoma. Lakini pale kwenye benchi la kusubiri palikuwa na kijana mmoja, mkewe alikuwa ndani na mimba ya kwanza, anakunja kofia na kuikunjua. Mzee akaketi kando yake, bila kuulizwa akaanza kumweleza habari za samaki: nani anapishwa, kwa nini wanapauka, ugali wake wa zamani. Kijana akaanza kusikiliza, kisha kuuliza. Saa zikaenda. Nikamkumbusha Mzee kuhusu gari la Kitale. Akasema tungoje kwanza tusikie ya huyu.

Jioni Sista Nanjala alitoka akifuta mikono, akasema ni msichana na wote wawili wako salama. Yule kijana akasimama. Hakujua aende wapi. Akamgeukia Mzee Gichuki, kana kwamba Mzee hakuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Mzee, ni msichana."

Mzee akainuka taratibu, akavua kofia, akaushika mkono wa yule kijana kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kuniambia," akasema.

Gari la mwisho la Kitale lilikuwa limeondoka kitambo, na Mzee wala hakuliulizia.